Mwalimu Aliyeuma Chuma

"Mama Wamboi, unaimba kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto," Mwalimu Wabwile alinilalamikia. "Sikupati hata kidogo. Ongeza."

Nikamwambia aniheshimu. Nilikuwa nimeongeza mara tatu, na mara ya tatu jirani wa chumba cha pili alifunga dirisha kwa kishindo. Mimi nauza nguo za watoto za mtumba katika soko la Kitale, mwaka wa kumi na tisa sasa, na wenzangu wa mstari ule wananiita Honi. Kanisani, Mama Gathii, kiongozi wa kwaya ya akina mama, alikuwa amenitoa safu ya mbele akanipeleka nyuma kabisa karibu na mlango, ati nafunika wenzangu kama turubai. Sababu ya mimi kulipia masomo ya kuimba ilikuwa hiyo tu: nifundishwe kupunguza.

"Mwalimu, mimi nilikuja kupunguza sauti," nikamwambia. "Si kuongeza."

"Mtu hupunguza kitu akiwa nacho," akasema, akanitazama usoni bila kucheka.

Binti yangu Wamboi, wakati huo ana miaka kumi na moja, akacheka kwa niaba yake. Nilinuna mpaka jioni.

Hiyo ilikuwa Februari ya mwaka jana. Naandika habari za mtu huyu kwa sababu hapa Tuwan, mtaa wetu wa Kitale, bado kuna watu wanaosema alikuwa tapeli, na mimi najua hayo maneno yalianzia wapi. Niliishia darasa la nane, kwa hivyo asitarajie mtu maua hapa. Nitasema ilivyokuwa.

Kumpata mwalimu wa muziki Kitale si kama kumpata fundi wa viatu. Wamboi ameimba tangu akiwa mdogo, akiosha vyombo anaimba, akitumwa dukani anaimba mpaka anasahau alichotumwa. Nikauliza shuleni kwao, wakasema mwalimu aliyejua muziki alihamishwa na hajaletwa mwingine. Nikamtafuta kijana mmoja anayepiga kinanda kwenye harusi. Akataka kwa somo moja pesa ya kulisha nyumba yangu wiki nzima, na siku ya kwanza alikuja akinuka pombe ya busaa. Nikamrudisha langoni. Halafu siku moja natoka kununua sukuma, nikaona karatasi imebandikwa kwenye nguzo ya stima, imeandikwa kwa mkono, herufi zimenyooka kama za ubaoni: "Mafunzo ya kuimba na kinanda. Watoto na watu wazima. Hata kama umeambiwa huwezi." Chini palikuwa na namba ya simu na maneno mengine: "Tuma meseji. Usipige."

Mimi nikapiga. Simu ililia mpaka ikakatika, mara nne. Nikasema huyu ana maringo kabla hata hajapata pesa yangu. Nikamtumia meseji ya hasira, na kabla sijaweka simu mfukoni alikuwa amejibu kwa adabu, ananiita mzazi mpendwa, ananielekeza kwake.

Alikaa kwenye ploti ya vyumba vya kupanga ya Wahome, chumba kimoja cha mabati. Kitanda nyuma ya pazia, meza, stuli tatu, kinanda cha stima kilichofunikwa kwa kitambaa cha kufumwa. Ukutani palikuwa na picha ya mke wake, Pauline, amebeba jembe begani na anamcheka mpiga picha. Mwalimu mwenyewe alikuwa mrefu, mkavu, miaka hamsini na saba, na alivaa tai. Kila somo alivaa tai, hata zile siku za mvua ambapo suruali yake ilikuwa na tope mpaka magotini.

Maisha yake alinisimulia vipande vipande. Alizaliwa Kabuchai, kule Bungoma, kwa watu wa miwa na mahindi. Akiwa kijana alifagia kanisa la misheni, na padri akamruhusu kugusa kinanda baada ya kufuta vumbi. Chuo cha ualimu hakuenda. Alifundisha kwaya za shule za msingi miaka ishirini na miwili, analipwa na wazazi, si serikali, na kwaya zake zilikuwa zikienda mashindano zinarudi na vikombe. Halafu akashikwa na kifua, ule ugonjwa wa kifua wenyewe, wa aina sugu. Alidungwa sindano miezi na miezi. Kupona akapona, lakini aliporudi shuleni akakuta kazi yake ina mwenyewe. Akabeba kinanda akaja Kitale, mahali ambapo hakuna aliyemwona akikohoa, akamwachia Pauline shamba na binti yao Nelima.

Kabla ya kuanza kila somo alikuwa na desturi yake. Alitoa mfukoni kile chuma kidogo chenye vidole viwili ambacho watu wa kwaya hutumia kupata sauti ya kuanzia. Wengine hukigonga wakakiweka karibu na sikio. Mwalimu Wabwile alikigonga kwa goti halafu akakiuma kwa meno, akafumba macho. Akikaa hivyo kidogo, anatoa "do" iliyonyooka kama rula. Watoto walipenda hapo kuliko mahali pengine pote. Kipruto, mtoto wa jirani yangu Jepkoech, alianza kuuma kijiko nyumbani kabla ya kula. Sisi wazazi tukasema ni madoido ya wasanii. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini mtu aume kitu cha kusikilizwa.

Pumzi alifundisha kwa unga. Anamlaza mtoto chali kwenye mkeka, anaweka pakiti ya kilo mbili juu ya tumbo, anamwambia aipandishe na kuishusha bila kuiangusha. Pakiti ikitulia, pumzi imetulia. Na mimi alinilaza, mama mzima. Nikamwambia hii habari ikifika sokoni nitamnyonga na hiyo tai yake. Akasema kwanza nipandishe unga, kunyonga baadaye.

Tena alikuwa na macho. Sijaona mwalimu anayetazama hivyo. Alitazama taya, shingo, mbavu. Wamboi akikaza bega kidogo tu, somo linasimama. "Sauti imejificha kwa bega," anamwambia. "Itoe huko." Na kweli, bega likishuka, ile sauti iliyokuwa inakwaruza inalainika. Baada ya miezi minne mtoto wangu alikuwa anasoma do-re-mi kwenye karatasi kama mimi ninavyosoma bei. Wanafunzi tulikuwa tisa: watoto saba, mimi, na mzee mmoja mstaafu aliyetaka kujua wimbo mmoja tu, wa kuimba kwenye harusi ya mjukuu wake. Tulilipa kwa mwezi, mbele, kila mtu na saa yake ya Jumamosi.

Jumamosi moja ya Juni, saa tano asubuhi, Wamboi alikuwa anaimba na Mwalimu anapiga kinanda. Stima ikapotea. Kinanda kikanyamaza katikati ya mstari. Wamboi naye akanyamaza, akanigeukia.

Mwalimu hakunyamaza. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi, vidole vinatembea, kichwa kinaitikia, mguu unapiga sakafu. Kilichosikika ni kucha zake tu juu ya plastiki. Alipiga hivyo mpaka mwisho wa mstari, akasema, "Vizuri sana, Wamboi. Sasa ubeti wa pili."

Wamboi alidhani ni mzaha. Nikampa mtoto pesa, nikamtuma mandazi kwa kile kibanda cha mbali, si cha karibu. Halafu nikasimama mbele ya Mwalimu nikamwonyesha kile kitaa chekundu cha kinanda. Kilikuwa kimezima.

Alikitazama kwa muda. Akaondoa mikono kwenye kinanda, akaiweka magotini kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

"Ni tangu lini?" nikamuuliza.

"Sema ukinitazama."

Nikarudia nikimtazama. Akasema ni tangu zile sindano. Zilimponya kifua zikamla masikio, kidogo kidogo, kwanza mlio kama wa mbu, halafu ukimya. Sikio la kulia lilikuwa limekwenda kabisa. La kushoto lilibaki na kitu kama redio ya jirani, ukiwa ukuta wa pili. Chuma akikiuma, mfupa wa taya ulimletea sauti. Maneno yetu aliyasoma midomoni. Mengine yote alifanya kwa kutazama na kwa kukumbuka.

"Wewe ukiimba kwa nguvu, napata kipande," akaniambia. "Katika wanafunzi wote ni wewe peke yako. Ndiyo maana nakuambia ongeza."

Nilikuwa na maneno yangu tayari ya kumgombeza, ya mwezi huu tumelipa na mwezi ule tumelipa. Yalikwisha. Nikakaa kwenye stuli nikalia, na mimi si mtu wa kulia mbele ya wanaume. Yeye ndiye aliyenibembeleza. Akasema mwalimu wa muziki kiziwi ni kama kinyozi asiye na mikono, tofauti ni kwamba yule kinyozi wateja wanamwona mapema.

Akaniomba kitu kimoja. Alikuwa anaweka akiba anunue vile vifaa vya kuvaa masikioni, kwa sababu daktari alikuwa amempima akamwambia sikio la kushoto linaweza kusaidika. Kufikia Disemba pesa ingetosha. Mpaka hapo nisimwambie mtu.

"Wakijua kabla sijavaa, hawatarudi hata nikivaa," akasema. "Na mimi nikitolewa kwa hii kazi, Mama Wamboi, mimi ni mzee wa Kabuchai anayekohoa. Sina kitu kingine."

Nikamwahidi. Stima ikarudi, Wamboi akarudi na mandazi, wakaendelea na ubeti wa pili.

Nilitunza siri hiyo Juni, Julai na Agosti, na watu wanaonijua watakwambia kwamba kwangu huo ni muda mrefu. Hata mume wangu Kinyua sikumwambia. Nilijifunza kumgusa Mwalimu bega kabla ya kumwongelesha. Wahome akija kugonga mlango kudai kodi, mimi ndiye nasimama kwanza kama mtu anayenyoosha miguu, Mwalimu ananiona, anajua kuna mgeni. Tulikuwa kama wezi wawili, na sitadanganya, nilifurahia. Nilikuwa naimba vizuri zaidi pia. Mtu akijua anangojwa asikike, haimbi ovyo.

Septemba chama chetu cha akina mama kilikutana kwa Jepkoech. Tulikuwa kumi na mmoja, chai imeshamiminwa. Mama Gathii akaanza. Alikuwa amepishana na Mwalimu Wabwile mjini, karibu na posta, akamsalimia mara tatu, na yule mtu akapita kama ng'ombe. Huku kwetu mtu anaweza kukusamehe ukimwibia kuku, lakini usipoitikia salamu yake atawasimulia wajukuu. Mama Gathii akasema mtu wa maringo kama hayo hafai kuachiwa watoto, na kwamba watu wa Bungoma ndivyo walivyo, wakishika kinanda wanajiona maaskofu. Wengine wakacheka. Jepkoech akasema hata yeye alimwita langoni wiki ile akanyamaziwa.

Ningeweza kusema labda alikuwa na mawazo. Ningeweza kusema anaumwa kichwa, amefiwa, ameota vibaya. Kuna maneno mia ambayo yangetosha. Lakini Mama Gathii ni yule aliyenipeleka mlangoni, na mimi nikisikia sauti yake tu, damu hupanda.

"Hana maringo," nikasema. "Hasikii. Ni kiziwi, mjinga wewe, na bado anafundisha kukushinda wewe mwenye masikio mawili."

Nilisema nikiwa nimeinua kidevu. Nilidhani nimemtetea. Nilitazama huku na huku nione nani atanijibu. Jepkoech aliweka kikombe chini taratibu sana.

"Kiziwi ndiye anafundisha mtoto wangu kuimba?" akauliza.

Nikajaribu kueleza. Nikaeleza unga, nikaeleza bega, nikaeleza sindano. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kumzika. Nilipofika kwa kile chuma, mama mmoja akapiga makofi ya mshangao, akasema kumbe ile kuuma ilikuwa ni kutuchezea. Kitu kile kile walichokuwa wanakisifu asubuhi, jioni kikawa ushahidi.

Jumamosi iliyofuata Kipruto hakwenda. Wiki ya pili mapacha wawili wa Ngige, mzazi mwenzetu, hawakwenda. Baba mmoja, jina lake silitaji kwa sababu ana aibu zake nyingine, aliingia chumbani somo likiendelea na watoto wengine wakingoja zamu yao, akasimama nyuma ya Mwalimu, akapiga makofi mara moja kwa nguvu. Watoto wote walishtuka. Mwalimu hakugeuka. Yule baba akawaambia watoto, mmeona, akamshika mwanawe mkono wakatoka. Mwalimu aligeuka alipoona nyuso za waliobaki. Kufikia mwisho wa Septemba alikuwa amebakiwa na Wamboi, mimi na yule mzee mstaafu, ambaye mwenyewe alikuwa hasikii vizuri na hakuona shida iko wapi.

Wengine walidai pesa zao, akazirudisha kutoka kwa ile akiba ya masikio. Iliyobaki ikaliwa na kodi ya Wahome.

Na mimi je? Mimi nilikuwa nimelipia Oktoba, masomo manne. Jumamosi ya kwanza nilimwambia Wamboi kichwa kinaniuma. Mtoto akasema kichwa ni changu, si chake, yeye aende. Nikamkatalia, kwa sababu akienda peke yake ningeulizwa mama yuko wapi. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wa yule mtu. Mtu aliyezoea kusoma bega na taya, ningeingia pale na nini? Angejua kabla sijaketi.

Alinitumia meseji: "Mama Wamboi, leo hamkuja. Mko salama?" Niliisoma nikiwa nimesimama kibandani na suruali za watoto mkononi. Nikasema nitajibu jioni. Jumamosi ya pili akatuma nyingine: "Saa yenu iko pale pale." Ya tatu hakutuma kitu. Mwisho wa mwezi ikaja moja: "Nimerudi Kabuchai. Msalimie Wamboi, asiache kusoma karatasi." Hata hiyo sikujibu. Simu ninayo mpaka leo, na meseji za Oktoba ile zimo, tatu zake, hakuna yangu. Wamboi aliponiuliza tena tutaenda lini kwa Mwalimu, nilimgombeza kwa kosa la sahani chafu.

Novemba nilijikokota hadi kwa ile ploti. Wahome akaniambia kinanda kiliondoka juu ya bodaboda, kimefungwa kwa kamba, mwenyewe amekaa nyuma amekikumbatia. Chumba kilikuwa tayari na mpangaji mwingine, muuza samaki.

Mwaka huu, Aprili, simu yangu ikaonyesha jina la Mwalimu. Nilifurahi kabla sijasoma. "Baba yetu, Mwalimu Wabwile, ametuacha Jumanne. Ni kifua. Mazishi Jumamosi, nyumbani Kabuchai. Ni mimi Nelima." Sikwenda mazishi. Nilimwambia Kinyua kwamba Jumamosi ni siku ya soko, na yeye, ambaye hajawahi kuniona nikikosa mazishi ya mtu yeyote, akanitazama tu. Jumapili jioni ikaja nyingine: "Mama Wamboi, kesho ni siku ya kunyoa na kusema madeni. Baba aliacha jina lako. Tafadhali usikose."

Desturi hiyo ya Wabukusu, watu wa kwao Mwalimu, nilikuwa nimeisikia. Siku ya tatu, ukianza kuhesabu ile ya kuzika, watu wa nyumba hiyo wananyolewa, halafu kila mwenye deni na marehemu anasimama mbele ya watu. Anayedai anasema anachodai. Anayedaiwa anasema anachodaiwa. Linalosemwa linalipwa au linasamehewa hapo hapo, na lisilosemwa linakwisha, usije nalo mwezi ujao. Nikajua nimeitiwa nini. Usiku ule nilimsimulia Kinyua yote, tangu stima mpaka meseji. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Nenda. Ukikosa hii, Wacera, utakuja kutugombeza sisi maisha yako yote kwa kosa lako."

Saa nne asubuhi nilikuwa Chwele, mahali pa kushukia gari, na bodaboda ikanifikisha Kabuchai kabla ya saa tano. Ni boma la nyumba mbili, miwa imefika mpaka ukutani. Watu kama arobaini walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki mbele ya nyumba, vichwa vya wenye msiba vinang'aa, vimenyolewa asubuhi hiyo. Pauline nilimtambua kutoka kwa ile picha ingawa mtu wa picha alikuwa anacheka. Kaka mkubwa wa marehemu, Mzee Wamalwa, ndiye aliyekuwa anaendesha shughuli, amekaa na fimbo yake katikati ya magoti.

Nikakaa nyuma. Mwanamume mmoja akasema alimkopesha marehemu mbegu, amesamehe. Mama mmoja akasema yeye ndiye anadaiwa, marehemu alifundisha kwaya ya harusi ya mwanawe na hakupewa hata soda, akatoa jogoo. Mambo yalikwenda upesi, bila kelele, kama watu wanaopanga vyombo baada ya kula.

"Mama wa Kitale," Mzee Wamalwa akaita. "Amefika?"

Nikasimama.

"Marehemu alisema hivi, na mke wake ni shahidi. Ulilipa mwezi mzima, masomo manne. Hukufundishwa hata moja. Alisema watu wengine wote wa Kitale amemalizana nao, umebaki wewe. Pesa ya kurudisha sisi hatuna leo. Tuna kuku wawili na gorogoro mbili za mahindi. Utachukua, ama unasemaje?"

Nelima alikuwa tayari amesimama kando na wale kuku, wamefungwa miguu pamoja. Nilikuwa nimekuja kushtakiwa. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kujitetea, na hapo hakuna aliyenishtaki. Walikuwa wananiomba radhi.

"Masomo hayo si yeye aliyekosa kufundisha," nikasema. "Yeye alikuwepo. Alinitumia meseji. Ni mimi sikwenda."

Mzee Wamalwa akaniuliza kwa nini sikwenda. Nikasema. Nilisema kila kitu mbele ya wale watu, ahadi niliyotoa na mahali nilipoivunjia, maneno niliyosema na jinsi nilivyoinua kidevu nikiyasema. Nikasema yule aliyewafanya watoto waondoke ni mimi. Nyuma yangu mtu alisema kitu kwa Kibukusu, na mwanamke mzee akasonya. Mzee Wamalwa aligeuka. Alimtazama Pauline.

"Alijua," Pauline akasema. "Yule mama wa kwaya alimwambia uso kwa uso, polepole, ili asome vizuri. Akamwambia hata vile ulivyomtukana huyo mama."

"Alisema nini?"

"Sitakudanganya, mama. Iliuma. Aliporudi hapa alikaa kwa kochi wiki mbili akitazama ukuta. Alisema ungekuja tu ukamwambia, angekupa somo, mkaendelea. Alikungojea Jumamosi zote nne."

Nikawatazama wale kuku wa Nelima.

"Hiyo yako nimekusamehe mimi," Pauline akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, si ya mtu mkarimu. "Umeisema mbele ya watu, imetosha. Sasa hii ya kwake, ya masomo manne, ni wewe unaishika. Chukua kuku ama usamehe. Lakini iseme, isibaki hapa nyumbani."

Nikamwambia siwezi kumsamehe mtu ambaye ni mimi nilimkosea, nitakuwa namwibia mara ya pili. Mzee Wamalwa akasema deni haliulizi nani ni mwema. Lilikuwa la masomo manne, na lilikuwa langu, na watu walikuwa wananingoja, kuna wengine nyuma yangu.

"Nimemsamehe masomo manne," nikasema. "Yote manne."

Nelima akawafungua kuku miguu. Mzee Wamalwa akaniambia niketi, akauliza ni nani mwingine.